Daftari la Langoni

6 Aprili, Jumapili

Miaka mitatu, Mwanapili. Mitatu! Hata kuku aliyepotea hurudi kutazama mayai yake. Wewe uko huko Eldoret unawapikia watoto wa shule ya watu, na mama yako hapa Kinondo anahesabu masika bila wewe. Nikikupigia simu unaniambia, "Mama, niko jikoni, nitakupigia." Jiko gani hilo lisilozimwa? Basi nimenunua daftari hili dukani kwa Mbarak. Nitaandika yanayotokea, na utakapokuja utakaa hapa mkekani uyasome, mimi nikikutazama uso.

Usishangae kwamba naandika. Shule sikuiona hata kwa dirishani, lakini wewe ukiwa darasa la tatu ulinifundisha herufi kwa mkaa, sakafuni mwa jikoni, ukinichapa vidole kwa mwiko nikikosea. Mkono haujasahau. Naandika polepole, moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

Habari ya kwanza: nyumba inavuja palepale, juu ya kitanda chako. Ya pili: vile vyumba viwili vya nyuma ulivyojenga, kimoja nimetia nazi na majembe, kimoja nimewapangisha wasichana wawili wanaosoma chuo huko Ukunda. Mmoja anaitwa Beryl, mrefu, ametoka Kisumu, kicheko chake kinafika barabarani. Mwenzake ni Mukonyo, Mkamba wa Shimba Hills, mfupi, kimya, macho yake yanazunguka kila kitu. Unataka kujua nampenda yupi? Hakuna. Mpangaji hapendwi, huangaliwa.

9 Aprili

Mvua. Hakuja mtu.

15 Aprili

Leo amekuja ndugu yako Tsuma, mtoto wa baba yako mdogo, na kilo mbili za sukari. Tsuma hajawahi kunipa hata chumvi. Nimeiweka sukari juu ya kabati na sijaifungua. Siku hizi ni dalali, anavaa miwani ya jua hata mawingu yakiwa meusi, na anawatembeza watu wa Diani wanaotafuta viwanja. Na viti na maturubai anakodisha pia. Mtu mwenye kazi mbili, moja ni ya kuifunika nyingine.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

"Uwanja mkubwa huu, kwako peke yako!"

"Si peke yangu. Nina kuku."

Hakucheka. Alitembea mpaka kwenye mkorosho, pale alipolala baba yako, akasimama kwa muda. Nilidhani anamwombea dua. Kumbe anatazama mpaka.

Unajua hati yetu haijatoka. Watu wa ardhi wamesema watapima mwezi wa nane, na kila mwenye boma asimame kwake, na majirani zake, na watoto wake. Ndiyo maana nina wasiwasi. Unamkumbuka Bi Nimwaka? Watu fulani walimletea karatasi wakamwambia ni ya vyandarua vya mbu. Akabonyeza kidole. Chandarua alipewa, cha buluu, kizuri. Mwaka wa pili akaambiwa ameuza shamba. Sasa anakaa kwa mkwewe, na chandarua anacho. Tangu hapo nikiiona karatasi mkononi mwa mtu, nautazama mkono kwanza.

22 Aprili

Mukonyo ametembea uani kutoka kisimani hadi jikoni, hatua kwa hatua, midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu. Aliponiona alichutama akajifanya anafunga ndara. Ndara hazifungwi.

23 Aprili

Mvua. Kuku mmoja ametaga chini ya kitanda changu, huyo ndiye mwenye akili hapa.

2 Mei

Nilitaka nisiandike hili, kisha nikasema nitaandika, maana daftari ni lako.

Tsuma amerudi. Hakuleta kitu leo. Amekaa barazani akakunja miguu, akasema, "Mama mkubwa, tusizungushane. Mwanapili mwenyewe ameshakubali. Tumezungumza kwa simu."

"Amekubali nini?"

"Kwamba uwanja huu tuupe mtu mwenye nguvu aujenge, nawe upate nyumba ndogo nzuri, ya choo cha ndani."

"Choo cha ndani nitakwenda nacho kaburini?"

Alicheka mwenyewe. Nikampa mgongo. Alipoondoka nilikupigia. Unakumbuka? Ulisema, "Mama, niko jikoni."

Basi sikuuliza.

10 Mei, Jumamosi

Sasa si hatua tena, ni kamba. Nimeamka kutoka usingizi wa mchana, nikasikia sauti nyuma ya nyumba. Beryl ameshika ncha moja kisimani, Mukonyo ya pili kwenye mkorosho.

"Kumi na nane," Mukonyo akasema.

"Andika. Na huku kwa choo?"

Nikatokeza. "Mnapima nini?"

"Aiii, Bibi! Shikamoo!" Beryl karibu aiangushe kamba kisimani. "Ni vitu za chuo tu, Bibi. Assignment."

"Hicho chuo chenu hakina uwanja wake wa kupimwa?"

Mukonyo alikodolea vidole vyake vya miguu macho. Mtu hodari wa kusema uongo atakutazama usoni akusifu leso yako. Huyu hajui. Nami nikajiambia: kama hajui kusema uongo, na ameinamisha kichwa, basi kipo kitu anachokificha.

14 Mei

Nimeshuka Ukunda kununua dagaa. Pale kituo cha tuk-tuk nimemwona nani na nani? Beryl na Tsuma. Beryl anahesabu kwa vidole, Tsuma anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ameivua miwani kabisa. Sijawahi kumwona Tsuma bila miwani tangu azikwe baba yako. Nilisahau dagaa.

15 Mei

Sikulala vizuri. Nimekifunga kisanduku cha karatasi za baba yako, ufunguo nimeutundika shingoni.

19 Mei

Mvua ya kutwa. Wamefunga mlango wao na wananong'ona. Nilipopita wakanyamaza, nilipokwisha kupita wakaendelea. Nimepita mara nne.

24 Mei, Jumamosi

Utanisamehe herufi leo.

Asubuhi nilikuwa napalilia mihogo, nikawaona wametoka kwa Rispah. Unamjua Rispah, yule wa bara aliyenunua kipande kinachopakana na chetu, anayeuza mboga. Mukonyo ana karatasi kwenye ubao, Beryl ana kalamu. Wakavuka njia wakaingia dukani kwa Mbarak. Nikaliacha jembe nikawafuata. Nikasimama nyuma ya mgomba. Ndiyo, nilijificha, uzee wangu wote huu.

Mbarak alivaa miwani yake, akasoma, akauliza, "Na Mama Mwanapili anajua?"

Beryl akasema, "Bado, baba. Yeye tumemweka mwisho. Tukiwa na sahihi za watu wote, hatakuwa na la kukataa."

Na Mbarak, Mbarak niliyemnyonyeshea mtoto wake mama yake alipokuwa hospitali, akatia sahihi!

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka karatasi iko mkononi mwangu na nimeipasua mara mbili, mara nne. Mukonyo alipiga ukelele mdogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Bibi, tafadhali, soma kwanza!"

"Nisome nini? Bi Nimwaka naye aliambiwa asome! Nani kawatuma? Tsuma kawalipa ngapi?"

"Tsuma?" Beryl akatazama mwenzake. "Si ni viti tu, Bibi…"

"Mama Mwanapili, ngoja," Mbarak akasema.

"Wewe usiniite! Wewe kalamu yako ni nyepesi kuliko ulimi wako!"

Nikarudi nyumbani, nikaingia chumbani mwao. Nimetoa godoro, nimetoa sufuria, nimetoa ndoo yenye nguo, vyote barazani. Majirani wamesimama njiani wanatazama. Nikawaambia waliosimama, "Tazameni vizuri, mkiulizwa msije mkasema hamkuona!" Kisha mvua ikaja, ile ya ghafla, nzito, yenye upepo, ikaingia barazani.

Beryl alilia kwa sauti. Mukonyo hakulia. Alivua shuka lake la begani akalifunika sanduku la vitabu, akaacha godoro linalowa. Hilo lilinichoma kidogo, lakini hasira ilikuwa imeshanipandisha juu na ngazi ya kushukia sikuiona. Rispah akaja na mwavuli akawachukua. Aliponipita alisema kwa upole, "Mama, leo umekosea." Nikamwambia kwamba yeye naye ametia sahihi.

"Ndiyo," akasema, "na ningetia tena."

Usiku umeingia. Nyumba imekuwa kubwa mno.

25 Mei

Nilikuwa na vipande vya karatasi kwenye mkunjo wa leso. Sijui kwa nini sikuvitupa. Baada ya alfajiri nilivimwaga kwenye sinia, nikapika uji mzito, nikavigandisha kipande kwa kipande juu ya gazeti. Nimesoma mpaka adhuhuri.

Jambo la kwanza nililoliona ni herufi. Kubwa, zimesimama mbalimbali, hakuna hata moja iliyoshikana na mwenzake. Mwandiko wa Mukonyo wa chuo naujua, unakimbia kama siafu. Hizi hazikuandikwa kwa ajili ya Mbarak, msomi yule. Hizi ziliandikwa kwa mtu anayesoma kama mimi.

Juu imeandikwa: SHEREHE YETU YA KUMALIZA MITIHANI, NYUMBANI KWA BIBI. Chini yake: itaanza saa nane mchana, itakwisha kabla ya magharibi. Watu thelathini tu, kwa sababu uwanja ni hatua kumi na nane kwa kumi na moja na choo ni kimoja. Pombe hapana. Spika itaelekezwa kwenye mihogo, si kwa majirani, na ikiadhiniwa itazimwa. Kisima kitafunikwa kwa mbao mbili na jiwe, kwa sababu ya yule kijana wa mwaka jana.

Yule unamjua? Hukuwepo. Mwaka jana wanafunzi walifanya sherehe kwenye nyumba moja karibu na lami, kijana amelewa akaruka ukuta gizani, akaangukia shimo la taka akavunjika nyonga. Tangu hapo wenye nyumba wengi hapa wakisikia mwanafunzi anasema sherehe, wanamwonyesha njia.

Nikaendelea. Langoni atakaa Beryl na daftari. Kila anayeingia ataandika jina, namba ya simu, saa aliyofika na ataondoka na nani. Hakuna atakayeondoka peke yake. Kesho yake watafagia mpaka barabarani. Kisha majirani: "Tunakubali na tukisumbuliwa tutampigia Mukonyo," na namba yake. Sahihi ya Rispah. Sahihi ya Mbarak, nusu yake imepotea.

Na mwisho kabisa, jambo la kumi na moja: KUMWOMBA BIBI. TUKAE CHINI. TUSIMDANGANYE LOLOTE.

Uji umekauka mezani. Sijala.

26 Mei

Godoro nililianika jana jioni jua lilipotoka kidogo. Leo nimelibeba mwenyewe kichwani mpaka kwa Rispah. Mbarak alitoka dukani akataka kunisaidia, nikamwambia, "Niache, mzigo huu ni wangu." Akanifuata nyuma na mto.

Wasichana walikuwa wanachambua mchicha wa Rispah. Beryl akasimama. Mukonyo hakusimama.

Nikatua godoro. Nikasema, "Nimekuja. Nimekosea. Nimewatoa kwenye mvua kabla sijasoma, na kusoma najua."

Rispah akajifanya anatafuta kisu alichokishika.

"Lakini nanyi mmekosea," nikasema. "Kwa nini hamkuja kwangu kwanza?"

Mukonyo ndiye aliyejibu. "Tuliogopa, Bibi. Tulijua ungekataa. Tukasema tukija na majibu yote mkononi, hutaona sababu."

"Sikiliza, mwanangu. Huku hatuanzi kwa majirani. Unaanza kwa mwenye mlango. Unakaa chini, unasema, Bibi, nina neno. Hata kama neno lenyewe halijaiva. Ukianza kwa jirani, mwenye nyumba anajua anazungukwa."

"Kwetu tungeanza kwa jirani," Mukonyo akasema. "Ndiyo heshima, usimpelekee mwenye nyumba jambo litakalomtia aibu kwa majirani zake."

Nikafikiri juu ya hilo. Halina ubaya.

Beryl akauliza, sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Na yule Tsuma, Bibi, ni nani? Mimi nilimwomba viti tu. Akanipunguzia sana, mpaka nikashangaa. Akaniuliza sherehe ni siku gani, saa ngapi, kutakuwa na watu wengi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia."

Moyo wangu ulitulia kwao, ukasimama kwa mwingine. Nikawaeleza kuhusu Tsuma, sukari yake na ardhi. Kuhusu simu yako sikuwaambia. Hayo ni yetu.

"Twendeni nyumbani," nikasema.

"Na sherehe?" Beryl huyo.

"Itakuwepo. Lakini karatasi yenu ina kosa moja."

"Wapi?"

"Mmewaomba majirani wavumilie. Jirani havumilishwi, jirani hulishwa. Mtawaalika."

7 Juni

Idi. Nyama kwa Mbarak, nyama kwa Rispah, mbavu mbili kwa wasichana. Wewe ulituma ujumbe wenye picha ya mwezi. Asante kwa mwezi.

12 Juni

Tumekaa mkekani kupanga na tumegombana vizuri. Mimi nimesema thelathini ni wachache, aibu kupika sufuria moja. Mukonyo amesema, "Bibi, choo ni kimoja." Nimesema watu wakija kula hawaji kukaa chooni. Amesema, "Bibi, hatua kumi na nane kwa kumi na moja." Msichana huyu ukimpa mashariki atakwambia ina urefu gani. Tumeafikiana thelathini na majirani kumi. Viti vya Tsuma nimekataa. Tunakaa kwenye mikeka ya msikiti, Mbarak ameiomba. Beryl ameuliza kama Wakristo wanaruhusiwa kukalia mikeka ya msikiti. Mbarak amesema, "Mkojo wa paka unaruhusiwa juu yake kila siku, sembuse wewe."

Nimeuliza lile daftari la langoni ni la nini hasa, maana bado karatasi inanikera.

"Ili tujue nani yuko ndani," Mukonyo akasema. "Na akipotea mtu, tujue tumuulize nani. Mwaka jana yule kijana aliyeanguka, hakuna aliyejua amekuja na nani. Alilala shimoni mpaka asubuhi."

Nikawaambia waongeze mwiko wa chumvi kwenye orodha ya vitu.

21 Juni, Jumamosi

Mwanapili, sikiliza.

Jua limetoka tangu asubuhi kama lililoombwa. Nimepika pilau, Rispah amepika chapati, Mukonyo amepika muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, na Mbarak ameonja mara tatu akisema hajui kama anapenda. Kisima kimefunikwa, juu yake jiwe ambalo vijana watatu wamelisogeza. Beryl amekaa langoni kwenye kigoda, daftari pajani, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe.

Wamekuja vijana wa kila aina. Mmoja, Kivuva, ana chupa ya soda inayonuka kama dawa ya kidonda. Beryl akaichukua, akanusa, akaandika jina la Kivuva kwenye bandeji, akaibandika juu ya chupa. "Utaipata ukienda. Ukiihitaji kabla ya hapo, uende nayo sasa hivi." Kijana alisimama, akanusa pilau, akaingia. Nilicheka mpaka leso ikanidondoka.

Wazee wa mtaa walikaa upande wa mkorosho, vijana upande wa mihogo, lakini muziki haukukaa upande wowote. Ilipoadhiniwa alasiri spika ikazimwa kabla hata Mbarak hajanyanyua kichwa. Akaniambia, "Hao wamesomeshwa." Nikamwambia, "Hao wamelelewa." Tukapingana hivyo mpaka chai.

Kisha gari jeupe likasimama barabarani. Akashuka Tsuma na miwani yake, na mwanamume mwenye viatu vyeupe, katika matope ya masika, viatu vyeupe. Nikaelewa papo hapo. Katika kelele za vijana, nani angemwona mtu mmoja anayezungukazunguka kutazama mipaka? Tsuma alitaka sherehe hii kuliko wenye sherehe.

Lakini mlango una Beryl.

"Karibuni sana," akasema, kwa ile sauti yake ya barabarani. "Jina, namba, saa, na mtaondoka na nani."

"Mimi ni wa nyumba hii," Tsuma akasema.

"Sawa, wa nyumba pia huandika. Bibi ameandika."

Ndiyo, niliandika. Wa kwanza kabisa. Mama Mwanapili, saa nane, nitaondoka na Mungu.

Tsuma akashika kalamu, akachora kitu kama mkia wa mjusi. Beryl akamgeukia wa viatu vyeupe. "Na wewe, baba?"

"Mimi si mgeni wa sherehe."

"Basi u mgeni wa nini? Nitaandika hilo."

Vijana waliokuwa karibu wakaanza kutazama. Mbarak akainuka kutoka chini ya mkorosho akaja polepole, naye Rispah na sahani mkononi. Muziki ukazimwa, sijui na nani.

"Andika nimepita tu," mtu yule akasema.

"Jina la nani limepita?"

Tsuma akafoka. "Wewe msichana, unajua unazungumza na nani?"

"Sijui, ndiyo maana nauliza," Beryl akasema, na Mungu aniwie radhi, nilitaka kumbusu.

Mukonyo akatoka jikoni akasimama upande wa mwenzake, unga mikononi. Mtu yule akaitazama ile kalamu iliyofungwa uzi. Ni kalamu ya bei ndogo kabisa, Mwanapili. Akaitazama kama nyoka. Akatazama watu arobaini wanaomtazama. Hakuigusa.

Hapo nikaelewa kitu ambacho sikukielewa maisha yangu yote. Nilikuwa naogopa karatasi. Kumbe anayetaka kukunyang'anya anaiogopa zaidi, siku inapoandikwa mbele ya watu.

Mbarak akasema, "Kama umekuja kwa heri, andika uingie ule. Kama hutaki kuandika, kiwanja unachokitafuta hakipo hapa. Mimi ni jirani wa kusini. Huyu Rispah ni jirani wa mashariki. Mwenye mlango ni yule pale mwenye leso ya kijani."

Mtu wa viatu vyeupe akageuka akaelekea garini. Matope yakampata mguu wa kushoto, alhamdulillahi.

Tsuma akabaki. Akanijia, akanyoosha kidole, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mama mkubwa, mwenye kurithi ameshakubali! Mwanapili amekubali kwa simu! Mnamdanganya mzee bure!"

Watu arobaini wakanigeukia. Wasichana wakanigeukia. Mukonyo hasa.

Nikasema, "Basi atakuja aseme kwa mdomo wake. Hapa. Mpaka siku hiyo, sukari yako iko juu ya kabati, kaichukue."

Akaichukua, Mwanapili. Mbele ya watu. Kilo mbili.

Saa kumi na mbili kasoro robo sherehe ikaisha. Beryl alisoma daftari, jina moja moja, na kila aliyeitwa alisimama na aliyekuja naye. Kivuva alipewa chupa yake akaimwaga kwenye mihogo mwenyewe. Hakupotea hata mmoja.

22 Juni

Wamefagia mpaka barabarani. Mihogo iliyomwagiwa ile chupa naiangalia.

24 Juni

Mukonyo ameniuliza, tukipeta mchele, "Bibi, huyo binti yako, amekubali kweli?"

Nikasema sijui.

Hakunifariji. Alisema tu, "Kama nilivyokuwa mimi siku ile. Hukuniuliza, ukasadiki mabaya tu." Akaendelea kupeta.

5 Julai

Masika yamekwisha. Wasichana wamekwenda makwao likizo, watarudi Agosti, na chumba wamekifunga kwa kufuli lao na ufunguo wa pili wameniachia mimi.

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Nimeona kwamba nimekushuku pamoja nao, tangu tarehe mbili Mei, na sikukuuliza hata mara moja. Kwao nilipasua kwanza nikasoma baadaye. Kwako sitaki. Pengine ulisema ndiyo, umechoka, jiko linaungua, ukidhani mama yako anahitaji choo cha ndani. Pengine hukusema lolote. Simu sitapiga kuuliza neno hili. Kwa simu mtu huwa jikoni.

Watu wa ardhi wanakuja tarehe kumi na nne Agosti. Kitanda chako nimekisogeza pasipovuja.

Kwa hiyo fanya hivi. Njoo kabla ya tarehe kumi, na kitambulisho chako. Usishukie kwa Tsuma kunywa chai. Pita kwa Mbarak umwamkie, pita kwa Rispah umwamkie, waambie umerudi. Kisha uje kwangu. Langoni utakuta daftari la Beryl limetundikwa kwenye msumari, na kalamu imefungwa uzi. Andika jina lako lote na saa uliyofika. Pale penye "utaondoka na nani" pawache wazi, tutapajaza pamoja tukishasema. Uandike kwanza, mwanangu, ndipo uniite mama.